Data ya Baba Mdogo

Jumanne, Shanwe

Mpaka sasa kichwa kinaniuma. Mchana kutwa nimekaa na baba mdogo mbele ya laptop yake mpya, na barua pepe moja tu haitoki!

Ingekuwa salamu ningemwambia aache. Lakini mnunuzi wa Dar anataka picha za asali ya kikundi chao cha Ugalla, na leo ndiyo siku ya mwisho. Baba mdogo ndiye katibu. Wakimkosa mnunuzi huyu, asali inarudi kwa walanguzi kwa bei ya kutupa.

Nikaangalia anwani, iko sawa. Nikapunguza picha. Nikabadilisha nywila, nikazima mashine, nikawasha. Kila akibonyeza "tuma", barua inabaki palepale.

"Labda hii mashine ni mbovu," anasema, wala hana presha.

Jioni nikaacha kuangalia laptop, nikaangalia mikono yake. Wa kulia unabonyeza "tuma". Wa kushoto, papo hapo, unazima data kwenye simu inayoipa laptop intaneti.

"Baba mdogo! Unazima ya nini?"

"Si nimeshatuma? Bando litaisha bure."

Nilitaka kulia. Nikamwomba simu, nikaishika mwenyewe mpaka barua ikaondoka. Nikamweleza taratibu kwamba data ikizimwa hakuna kinachotoka wala kuingia. Akaitikia vizuri kabisa.

Sasa hivi nimempigia, yuko kwa shangazi alikofikia. Nikamwamkia, nikauliza kama mnunuzi amejibu.

"Nitajuaje, mwanangu? Data nimezima."