Siku Tuliyomuuliza Kificho

Funguni, Malindi,
Unguja.
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa Dada Badriya,

Shikamoo. Nnakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka, maana umesema sauti za simu ukishazisikiliza zinapotea, lakini barua unaitia mkobani ukaisoma tena ukitulia. Yusra, binti wa jirani yetu, anasafiri kuja Maskati Alkhamisi. Yeye ndiye atakayekukabidhi, pamoja na chupa mbili za achari ya maembe aliyoipika Mama.

Vipi presha yako? Na shemeji, mguu umekaa sawa sasa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama ameshafunguliwa bendeji ya jicho la kulia baada ya operesheni, na kitu cha mwanzo alichokiona ni vumbi juu ya kabati. Tangu siku hiyo mke wangu Rasha hana raha. Vuli imeanza, paa linavuja palepale unapopajua.

Sasa nataka kukueleza jambo lililonifika, na nnakuomba usicheke kwanza. Najua kila nikitaja besiboli unaniuliza mtu wa miaka arubaini na moja anatafuta nini kwenye mchezo wa kupiga kipira kwa gongo. Safari hii nisikilize tu.

Ili unifuate: mrushaji anarusha kipira kigumu, mpigaji wa timu nyengine anakipiga, halafu anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika salama ni alama moja. Kipira kikidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka; na mkimbiaji akiguswa nacho kabla ya kufika, naye ametoka. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha. Wako walinzi wanaosimama nyuma kabisa, mbali, na kazi yao ni kukimbilia mipira mirefu. Mimi ndiye mrushaji wa timu yetu ya Funguni kwa miaka tisa. Au nilikuwa. Bega la kulia limekwisha. Daktari ameniambia nikiendelea sitaweza hata kuvaa kanzu peke yangu.

Na mlinzi wetu wa nyuma ni Kificho. Huyu ni kijana wa miaka ishirini na nne, baba yake Mtumbatu, Mungu amrehemu, na amelelewa na bibi yake Mangapwani. Ni mchukuzi bandarini hapa Malindi, na mimi karani wa mizigo nnamfahamu kwa kazi hiyo. Miaka mitatu nyuma walikuwa wanashusha matikiti kwenye lori, wanarushiana mkono kwa mkono. Tikiti moja likamponyoka mtu wa juu likaenda upande usio na mtu. Kificho alikuwa ametupa mgongo. Sijui alijuaje. Alipiga hatua mbili, akageuka, akalipokea kifuani taratibu kama anayepokea mtoto mchanga, akaliweka chini pamoja na mengine akaendelea na kazi. Siku ile ile alasiri nilimchukua uwanjani.

Mwezi wa tisa timu moja ya Dar es Salaam ilikuja kucheza nasi mechi ya kirafiki pale Mnazi Mmoja. Ni timu ya watu wenye kocha, mavazi na kila kitu. Tulifika awamu ya mwisho tukiwa mbele kwa alama moja tu. Mtu wao mmoja ameshatoka, mwengine amesimama kituo cha tatu anangoja nafasi ya kukimbia nyumbani kusawazisha. Bega langu linawaka moto. Nikarusha mpira mbovu, na mpigaji wao akaupata sawasawa.

Dada, mpira ule ulipanda mpaka nikaupoteza kwenye mawingu. Nilipouona tena, Kificho anakimbia kuelekea upande wa barabara, mgongo ametupa sisi, wala hatazami juu. Hakutazama hata mara moja. Alifika mahali akanyoosha mkono mbele yake, na mpira ukaingia kwenye glovu kama kwamba walikuwa wameahidiana kukutana pale. Yule wa kituo cha tatu akatimka, maana mpira ukishadakwa sheria inamruhusu kukimbia. Kificho akageuka kabla miguu yake haijatulia chini, akaurusha. Ulikuja umenyooka, ukapita juu ya kichwa changu nikausikia unavyokata upepo. Himid, mdakaji wetu anayelinda nyumbani, hakusogea hata hatua moja. Aliweka glovu tu, mpira ukaingia, akamgusa nao mkimbiaji aliyekuwa bado hajafika, naye akawa wa tatu kutoka.

Mechi ikaisha hapo, tumeshinda, na hakuna aliyepiga makofi. Vijana waliokuwa wakicheza kandanda upande wa pili walisimamisha mchezo wao. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, akasimama ameishika. Mimi nilisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na nyuma yangu nikamsikia mpigaji wao, yule yule aliyetolewa, naye anaisema.

Kocha wao, Masoud, hakungoja hata tubadilishe nguo. Alituomba Kificho. Alisema atatupa watu wawili kwa mmoja: mrushaji wa miaka ishirini na mbili mwenye bega zima, na mpigaji mmoja mkali. Mashindano ni Disemba, na sisi bila ya mrushaji hatuna la kufanya huko. Alitupa wiki mbili tufikiri.

Tulikaa kamati, watu watano, barazani kwa Abdulwahid, mwenyekiti wetu, anayesomesha hesabu skuli. Yeye alisema wawili ni zaidi ya mmoja na hakuna haja ya kupoteza usiku mzima. Himid alisema yeye hawezi kumtoa mtu wa namna ile hata kwa timu nzima. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Tulipopiga kura ilikuwa wawili kwa wawili, na mkono uliobaki ni wangu.

Nikaunyanyua, dada. Nilikubali abadilishwe. Niliwaambia ni kwa faida ya timu, lakini kwako sitaficha: nilikuwa namfikiria yule mrushaji atakayenipokea mzigo, nikapumzika kwa heshima bila ya mtu kusema Hashil kaiangusha timu.

Abdulwahid akasema adabu inataka tumwarifu bibi yake kabla ya watu kusikia mitaani. Basi Jumapili mimi na yeye tukaenda Mangapwani kwa gari lake. Bi Mize, bibi yake, tulimkuta uwani anashona ukili wa mkeka. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatutandikia mkeka. Abdulwahid akaeleza kila kitu vizuri sana, kama yuko darasani: Dar, kocha, wawili kwa mmoja. Bi Mize alishona mpaka akamaliza mstari wake.

"Mwenyewe kashaulizwa?" akasema.

Tukatazamana. Dada, wiki nzima tulikuwa tunamzungumza mtu huyu. Tulipima mkono wake, miguu yake, umri wake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia neno. Na kila siku nilikuwa nampita bandarini.

Abdulwahid akasema bado, tulitaka kwanza tuwe na jawabu. Bi Mize akaweka ukili chini.

"Mimi nakaa hapa tangu kuzaliwa," akasema. "Chumba kile walimokuwa wakifichwa watu wa kuuzwa kiko hapo mbele, wageni wanakuja kila siku kukipiga picha. Walioingia humo walibadilishwa kwa nguo, kwa bunduki, kwa chochote. Hakuna aliyewauliza. Nyinyi wanangu si watu wabaya, na Dar si utumwani. Lakini neno hilo la kumbadilisha mtu, kalitafutieni jengine. Na mumuulize."

Hakusema kwa hasira. Alitukaribisha chakula baadaye, tukala. Lakini mimi sikuweza kumtazama usoni. Wewe na mimi tunajua babu zetu walikuwa na mashamba ya namna gani, na nani aliyeyalima.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta Kificho nyuma ya ghala anakula wali na samaki. Nilimwita, akaitika naam, akataka kusimama. Nikamwambia akae, nikakaa naye chini. Nikamwambia yote: kura, mkono wangu, hata sababu ya mkono wangu. Alisikiliza huku ameshika tonge, hakulitia mdomoni.

Kisha akaniambia, "Nnataka kwenda, Bwana Hashil."

Alisema hapa timu ni tatu tu, na yeye ameshawajua wapigaji wote. Mtu akinyanyua gongo anajua mpira utaangukia wapi. Alisema hajawahi kujua mwisho wake uko wapi, anataka aende akaujue angali kijana. Nilipomuuliza basi tatizo liko wapi, tukubali tu, akatikisa kichwa.

"Sitaki mtu aletwe huku kwa sababu yangu na mwenyewe hataki. Kawaulizeni na wao wawili. Wakitaka kuja, karibu. Wasipotaka, nipeni ruhusa niende mikono mitupu, kama mtu anavyotoka kwao. Na mkisema nibaki, ntabaki, na ntacheza vile vile."

Baadaye akala tonge lake, akanawa, akarudi kubeba mizigo. Mimi nilibaki pale nimekaa. Nilidhani siku ile ya Mnazi Mmoja nimeona mwisho wa maajabu ya mtu huyu. Kumbe ule ulikuwa mkono wake tu.

Nilimpigia Masoud. Kwanza alicheka, akaniuliza lini nilisikia timu inawauliza wachezaji. Kisha akasema atanipigia. Siku tatu baadaye akapiga. Yule mrushaji mke wake ana mimba ya miezi saba, hataki kuondoka Dar. Mpigaji ameajiriwa juzi tu. Wote wawili wamekataa. Akaniambia amefundisha miaka kumi na tano na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kumuuliza mtu, na sauti yake, nakuapia, ilikuwa ya mtu aliyetahayari.

Tukakaa kamati tena. Safari hii ilikuwa wazi: tukimruhusu Kificho, tunabaki bila yeye na bila mrushaji, na Disemba tusahau. Na akibaki, atabaki bila kinyongo, kashasema. Hilo ndilo lililofanya jambo kuwa zito. Abdulwahid ndiye aliyesema mwanzo. Alisema hesabu yake ilikuwa sahihi, ila aliifanya juu ya mtu. Kisha akanyanyua mkono kumruhusu, na mikono ikawa mitano.

Aliondoka wiki mbili zilizopita, kwa boti ya asubuhi. Timu nzima tulikwenda kumsindikiza pale Malindi, na wachukuzi wenzake waliacha kazi wakaja. Bi Mize alikuja kutoka Mangapwani, akamshika kichwa akamsomea, akampulizia, akamwambia ale vizuri. Himid alimpa glovu yake mwenyewe. Hakuna aliyetoa hotuba.

Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya Mwera. Himid ndiye aliyerusha, masikini, na hajui kurusha. Tulifungwa alama kumi na nne kwa mbili. Mimi kwa bega hili walinipeleka nyuma, kwenye nafasi ya Kificho. Mpira mmoja ukaja juu, nikaukimbilia, ukaangukia mbali na mimi kiasi cha chumba kizima, watu wakacheka na mimi nikacheka.

Walipokwisha kutawanyika, nikaenda mpaka pale karibu na barabara alipoudaka mpira siku ile. Nikaanza kutembea kuelekea nyumbani, pale alipokuwa amesimama Himid, nahesabu. Hatua mia moja na tatu. Nilipofika nikageuka kutazama nilikotoka. Mwanamke alikuwa anapita pale na mtoto, na nilimjua ni mwanamke kwa buibui tu, uso sikuuona. Kutoka kule, anakimbia, amegeuka mara moja, Kificho aliuleta mpira kwenye kiganja cha Himid.

Nikakaa kwenye nyasi. Sikuwa na huzuni, wala sikujuta. Nilikuwa nawaza kwamba kwa miaka mitatu nilimwandikia magunia mtu yule kila asubuhi, nikampa salamu nikapita, na nilidhani namjua.

Basi, dada, haya ndiyo ya huku. Nisalimie shemeji, na Zahran, na umbusu Maisara mashavu yote mawili umwambie mjomba anamdai picha. Mama anakusalimu sana, anasema ukija uje na miwani yake mipya. Rasha anakuamkia. Abdulwahid naye kaniambia nisimsahau.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akufungulie kila mlango unaoubisha, na atukutanishe sote Mama angali anatuona.

Mdogo wako akupendaye na anayekukumbuka kila siku,

Hashil