Fungu la Mkaa

Jumanne. Mvua inatunyeshea Tunduma tangu asubuhi, malori yamepanga foleni yakiwa na matope hadi milangoni, na mimi nimekaa jikoni nalitazama jiko jipya la gesi kama mtu aliyeletewa polisi.

Mke mwingine angeshukuru. Nami nimeshukuru, kwa mdomo.

Majina nimeyabadilisha. Mambo mengine ni yaleyale.

Tangu ile semina ya ndoa kanisani, mimi na Baba Elia tunatumia programu ya bajeti. Simu mbili, akaunti moja. Nikiandika nyanya, simu yake inalia. Akiandika vocha, yangu inalia. Kila fungu lina rangi yake: Chakula kijani, Kodi bluu, Ada njano, Sadaka zambarau, Mkaa nyeusi. Mwisho wa mwezi tunakaa kwenye kochi kutazama duara la rangi, naye hufurahi kama mtoto. Ni wakala wa forodha hapa mpakani. Kazi yake ni kutangaza mizigo ya watu, na kwake kitu kisichoandikwa kina walakini.

Nimeolewa na mtu wa forodha, na napitisha magendo ndani ya nyumba yake.

Magendo yenyewe ni mama yangu, kule Iyula. Ana presha, anameza dawa kila siku. Baba alipofariki, kaka zangu wawili walirithi shamba la kahawa kama ilivyo desturi. Sisi mabinti hatukuulizwa. Mume wangu alilisema mapema: "Waliochukua mibuni ndio wamtunze mama." Ana hoja, sikatai. Ila kaka zangu kahawa wanauza na mama wanamsahau, na presha haiwezi kungoja hadi waone aibu.

Kwa hiyo natoa kwenye hela ya vitenge ninavyouza, ambayo nayo huingia kwenye programu, namtumia mama kwa simu, halafu naandika Mkaa. Mkaa hauna risiti. Leo gunia, kesho kopo la sado, mvua ikinyesha bei inapanda. Nani atauliza?

Hakuuliza. Aliona tu mkaa unatumaliza, akajinyima kimyakimya, na leo mchana kaja na mtungi begani. "Mama Elia, nimechoka kukuona unakohoa moshi." Kaunga mpira mwenyewe, kachemsha chai, kisha kashika simu na kulifuta fungu la Mkaa mbele yangu huku anatabasamu.

Nilikunywa chai ile nikitamani angekuwa mkorofi. Mkorofi ningemdanganya bila kuumia.

Jioni hii mama kapiga. Dawa zimebaki za kesho tu. Akaongeza kama kawaida yake: "Mwambie mkwe wangu asante, Mungu amzidishie." Anadhani hela ni za mkwewe. Salamu hizo hunipa kila mara, na sijawahi kuzifikisha.

Nimepitia mafungu yote nikitafuta pa kujificha. Kwenye Chakula, bei za sokoni anazijua. Kodi na Ada hazibadiliki. Imebaki Sadaka, ambayo haulizi kamwe. Kidole kilishafika hapo. Nikaogopa. Kumdanganya mume nimezoea, lakini kumfanya Mungu kuwa gunia langu la mkaa, hapana.

Nyumba ni nzuri, mume ni mwema, na nakosa hewa.

Nimetuma hela kwanza, nisije nikarudi nyuma. Kisha nimefungua fungu jipya. Programu ikataka jina, nikaandika Mama. Ikataka rangi, nikachagua nyeusi, ileile ya Mkaa. Mtu wa forodha ataelewa bila kuambiwa.

Nikabonyeza.

Simu yake imelia sebuleni. Sasa namsikia anapunguza sauti ya televisheni.