Alhamisi za Waithera

Hukuwa na filimbi. Hukuwa na cheti cha ukocha, wala nyavu za magoli, wala goti la kushoto lililokubali kukunjika. Mpira wenyewe hukuwahi kuucheza. Hukuwa na sauti ya kufika upande wa pili wa uwanja, ndiyo maana ukaazima sauti za wengine.

Mwaka umezunguka, dada yetu Waithera, tangu ulipotuacha. Kiti chako cha plastiki bado kiko kando ya uwanja wetu hapa Shauri Moyo. Kaka yako Kiarie hukipangusa vumbi kila jioni, na hamruhusu mtu kukikalia.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka kiwandani Industrial Area, nyuzi za ovaroli zimekushika kwenye sweta, ukipitia kwa wasichana wa timu yako, waliokuita Mathe kama mama yao, kabla ya kufika nyumbani. Mfukoni ulikuwa na peremende za mnanaa. Hukumpa aliyefunga bao. Ulimpa aliyekosa, kisha akarudi mbio kukaba.

"Miguu watafundishwa na wengine," ulisema. "Mimi nafundisha kichwa."

Watu walikushuku. Kila Jumanne uliwaita akina mama wa mitumba kutoka Gikomba, wakasimama kwenye mstari na kuwazomea watoto wa watu. Kiongozi wao alikuwa Anyango, mamake Awuor, mshambuliaji wako.

"Wewe namba saba! Hiyo miguu uliazima kwa meza?"

"Kipa! Hata mlango wa choo cha ploti unafungika kukushinda!"

"Awuor! Nilikuzaa ama nilikuokota sokoni?"

Wazazi wengine walikushtaki kwa mchungaji. Wengine walinong'ona kuwa ni uchawi. Kaka yako, ambaye haamini jambo mpaka alisome mara mbili, alikuja kujisimamisha nyuma ya goli akitafuta hirizi. Hakuona hirizi. Aliona watoto wakicheka na kuendelea kucheza, na baada ya muda hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Lakini siku uliyoihofia wewe haikuwa Jumanne. Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo akina mama walewale uliwaagiza wasifu.

"Malkia! Ulaya wanakungoja!"

"Usikimbie, mpenzi, wewe ni nyota!"

Hapo ndipo wengi walipoanguka. Namba saba aliwapungia mkono, mpira ukampita katikati ya miguu. Awuor, aliyevumilia matusi yote ya mamake, alisimama akitabasamu na kusahau kurudi kukaba.

"Matusi unayaona yakija," ulimwambia. "Sifa huja na kiti, ikakuomba ukae. Ukisifiwa, inama ufunge kamba za viatu."

Ilimchukua msimu mzima kuzoea. Na wewe mwenyewe hukumsifu mchezaji, si uwanjani, si nyumbani. Siku Awuor alipofunga mabao mawili kule Makadara, binti yako Eve alikuuliza alivyocheza. Ulikunywa chai kwanza. "Kamba zake," ukasema, "alifunga vizuri." Hatukuwahi kukusikia ukimpa mtu zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya kanisa, tulitembelewa na mtu aliyejiita ajenti Frankline. Alikaa chini ya picha yako, miguu mbele. Kaka yako, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa timu, alianza kwa kumkagua viatu. Mtu aliyedai amemtazama Awuor mara nyingi uwanjani kwetu hakuwa na chembe ya vumbi.

Alitaka tuandike barua ya kumwachilia Awuor, amsafirishe wiki ile ile akafanyiwe majaribio Ulaya.

"Klabu gani?" aliuliza Kiarie.

"Jina mtapewa tukifika, mzee wangu."

"Na shule? Bado yuko kidato cha tatu."

"Shule itamngoja. Nataka tu cheti chake cha kuzaliwa. Kile chenyewe, si nakala."

Anyango alikuwa analia kwa furaha. Neno Ulaya alikuwa amelipiga kelele yeye mwenyewe Alhamisi nyingi, na sasa alilisikia kwa mtu aliyevaa tai. Mkono wake ulikuwa tayari umeingia kwenye mkoba.

"Marehemu na mimi tulikuwa kama ndugu," mgeni akaongeza, akiitazama picha yako. "Kila tukionana alikuwa akimsifu huyu msichana. Nyota, aliniambia. Malkia!"

Eve akashusha kikombe. Kaka yako akamtazama Awuor. Awuor aliinama, akashika mguu wake na kuanza kufunga kamba. Alikuwa amevaa ndara.

"Unafanya nini, mrembo?"

"Nafunga kamba."

"Kamba gani?"

"Guka," Awuor akamwambia kaka yako, babu wa timu nzima, bila kuinua kichwa, "leo si Jumapili. Leo ni Alhamisi."

Anyango alitoa mkono kwenye mkoba, mtupu. Akafuta macho. Kisha ikatoka ile sauti ya Jumanne, jirani wakafungua madirisha: "We bwana! Hiyo tai uliazima kwa nani?"

Mgeni aliacha kadi mezani na kusema wasichana wamejaa Eastlands, sisi tufikirie tu haraka. Neno hilo la wasichana wengine ndilo lililomnyima kaka yako usingizi. Tayari amewaonya majirani wa timu nyingine, mmoja mmoja, kwa miguu yake.

Na leo, baada ya sala ya kukukumbuka, tumemjibu mgeni. Tumemwambia Awuor atamaliza shule, na klabu inayomtaka ije na jina lake, ije siku ya Jumanne. Tumetia sahihi sisi tunaokulilia: kaka yako Kiarie, binti yako Eve, wajukuu wako Munene na Tiffany, na Anyango kwa niaba ya akina mama wa kwenye mstari.

Awuor ndiye aliyelamba bahasha na kuibana. Kaka yako aliigeuza, akaikagua ukingo kwa ukingo kama anavyokagua kila kitu.

"Umefunga vizuri," akamwambia.

Awuor akaangalia viatu vyake. Eve akaichukua bahasha, akaipeleka posta.

Hatutakusahau, Mathe, na Alhamisi kuliko siku zote.