Mama, Usiioshe Ile Mbegu

Kitale, Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Kitale, ambako ukungu haujatuacha wiki nzima na nguo hazikauki. Mgongo wako unaendeleaje? Na mdogo wangu Simiyu, bado anakohoa akilala? Nimejaribu kukupigia mara nyingi lakini simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujaingia jikoni.

Neno lenyewe ni hili: ile mbegu ya mahindi iliyobaki baada ya kupanda, ambayo ulisema mtaiosha muile njaa ikizidi, usiioshe. Usiisage, usimpe mtu, wala usiwatupie kuku. Nitakueleza tuliyoyaona kwa macho yetu.

Unajua shangazi huondoka alfajiri kwenda kuuza mboga kando ya barabara, na baba watoto alikwenda Turkana kutafuta kazi ya ujenzi, hatujasikia neno lake tangu Pasaka. Siku zisizo za shule mimi ndiye ninayebaki na wanawe, Baraka na Nelima. Unga ulipoanza kupungua, asubuhi zikawa ngumu. Baraka ana miaka mitano, anaweza kuvumilia kidogo, lakini Nelima wa miaka mitatu hulia uji mpaka sauti inakauka. Basi nikabuni mchezo. Tunakaa mlangoni mwa jikoni tukitazama ndege wa bustanini, na sheria ni moja tu: anayelia anawafukuza. Mama, sheria hiyo ilimnyamazisha Nelima kuliko kitu kingine chochote.

Baraka ndiye anayewapa majina. Yule mweusi kwa mweupe anayetembea uani akitikisa mkia alimwita Shemasi, kwa sababu "anainama-inama kama anachukua sadaka." Wale wenye midomo mirefu wanaopiga kelele kukicha, Nelima anawaita majirani. Na njiwa wawili waliojenga kiota juu ya mparachichi, ambao hawakuachana hata kidogo, tuliwaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Makinda yao yalipoanza kulia, Baraka aliuliza kama na wao wanangoja mama atoke sokoni.

Shangazi naye alikuwa amebaki na mbegu, kwa kuwa mwenye shamba alimnyang'anya nusu ya lile aliloahidi kumkodisha. Jana unga uliisha kabisa. Akafanya kama tufanyavyo sote: akaiosha kwa maji na majivu, akamwaga, akaosha tena, mpaka rangi yote ya waridi ya dawa ikatoka na mahindi yakawa meupe kama mahindi mengine. Akaianika juu ya gunia, akaniambia, "Kaa hapa. Ndege wasimalize chakula ya watoto." Kisha akaenda na mboga zake.

Nilikaa. Lakini maji yalikuwa yamekwisha, ikabidi nichukue mtungi niende bombani, nikamwachia Baraka fimbo. Njiwa waliposhuka hakuwafukuza. Aliniambia baadaye, "Si hao ni wetu? Na wako na njaa."

Niliporudi, Bibi Harusi alikuwa akipepesuka katikati ya ua.

"Dada, ona! Amelewa!" Baraka alisema, na Nelima akaanza kupepesuka vilevile, akaanguka chini kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Kisha yule njiwa akatandaza mabawa, shingo ikapinda nyuma, akatetemeka, na hakuna aliyecheka tena. Dume tulimkuta kwenye sukuma wiki, macho wazi. Kufikia alasiri shomoro nao walikuwa wamelala chini ya mparachichi. Makinda yalilia juu ya mti mpaka leo asubuhi. Mti ni mrefu, Mama, sikuweza kuyafikia. Sasa yamenyamaza.

Shangazi aliporudi alikusanya mahindi yale kwenye beseni ayapeleke kusagwa kwa posho mili. Nikasimama mlangoni.

"Shangazi, tafadhali, tusisage."

"Ati nini? Si nimeosha mpaka maji ikakuwa safi? Wewe umetoka Bungoma kunifundisha kupika?"

"Dawa haiishi yote kwa kuosha. Mwalimu wa kilimo alituambia. Njiwa wamekula, wamekufa."

"Njiwa hufa. Hawa watoto usiku watakula nini? Kilimo ya mwalimu?" Akaweka beseni kichwani. "Nipishe, msichana."

Sikumpisha. Niliogopa, kwa maana ninakaa kwake na yeye ndiye aliyenitafutia shule huku, na akinirudisha nyumbani masomo yangu yamekwisha. Hapo Baraka akatoka nyuma ya nyumba akimbeba Bibi Harusi kwa mikono miwili.

"Mama, huyu alikula hiyo yetu," akasema. "Kidogo tu."

Shangazi alimtazama mwanawe, akamtazama Nelima, akateremsha beseni. Akakaa chini palepale kwenye matope na nguo zake za sokoni. Baadaye alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya choo, akayamwaga mahindi yote na ndege wote, akafukia. Alikuwa akilia kwa sauti, na mimi nilijua halilii ndege.

Tulilala kwa mboga ya mrenda mtupu, bila ugali. Leo tumepata ndizi chache kwa jirani wa kanisani. Baraka hataki tena kukaa mlangoni. Nelima, akiona tumenyamaza, hupepesuka kama yule njiwa ili tucheke.

Kwa hiyo, Mama, fukia mbegu hiyo mbali na kisima, kuku wasifukue. Kama umeshaiosha, ifukie hivyo hivyo. Na kama mmeshaila na mtu anatapika au anatetemeka, nendeni hospitali ya Lugulu mara moja, msingoje mitishamba. Shangazi anasema kama ghala ni tupu kabisa, umlete Simiyu kwetu, tutagawana mrenda. Hajasema lolote juu ya kunirudisha nyumbani, na kesho nitakwenda shule.

Nisalimie nyanya, umwambie bado ninaomba kabla ya kulala. Msalimie kaka mkubwa kule Bokoli, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili.

Barua hii ninampa yule mama wa vitunguu anayeshuka soko la Chwele. Ameahidi kuitia mkononi mwako. Huhitaji kuandika jibu refu. Mwambie aniletee neno moja tu, "tumefukia," nami nitamngoja hapa Kitale anaposhushia magunia.

Mwanao akupendaye,
Nafula