Mayu Yuko Shambani

Jumanne, 21 Mei 1996

Chaki zimeisha tena. Nimefundisha hesabu za sehemu darasa la tano kwa kuchora chini na kijiti. Aibu. Nilipotoka shule nikapitia shambani kumsaidia mayu, mama yetu, kuchuma pamba. Kanigombeza, eti nimechanganya fifi na safi. Ile fifi, pamba chafu ya njano, hataki hata iiguse nyeupe. Mwalimu mzima nagombezwa mbele ya mbuzi!

Anamsubiri Masunga, mdogo wangu, arudi na ndizi. Tangu biashara iwe huria kijana hakai. Anapeleka mitumba Bukoba, anarudi na meli.

Jioni, redio ya jirani. Meli kutoka Bukoba imepinduka karibu na Mwanza. Asubuhi. Wakati mimi nalalamikia chaki.

Jumatano, 22 Mei

Sijalala. Bendera ya shule nusu mlingoti. Watoto kimya bila kuambiwa. Redio inasema kuna watu wanasikika wakigonga ndani ya meli. Nikatoka nje. Mtu akigonga mlango leo nitapiga kelele.

Mjomba kadandia lori kwenda Mwanza. Mayu kaenda kuchuma pamba.

Alhamisi, 23 Mei

Hapa Nkoma msiba ukitokea hakuna anayegusa shamba mpaka maziko. Sisi hatujatangaza msiba. Lakini mashamba yote leo hayana mtu. Pamba za watu zimepasuka, mbuzi wanajilia, wenyewe wamekaa majumbani wanatuheshimu. Nimewachukia kwa hiyo heshima yao.

Mayu peke yake ndiye alikuwa anachuma. Halafu akaenda kwa Ngolo, jirani yetu, akasimama mlangoni na kapu lake.

"Mwangaluka," akasalimia. "Mbona hamko shamba? Nani kafa?"

"Pumzika kidogo, mayu."

"Nimeuliza nani kafa."

Ngolo akatazama chini. Mayu akarudi kuchuma.

Jumamosi, 25 Mei

Mjomba karudi. Kapita uwanjani kwenye miili, kafunua shuka moja moja, sasa chakula hakipiti. Masunga hayumo. Lakini wengi wamenasa ndani, na meli imezama nao.

Mayu kasikia "hayumo" tu. Kafurahi! Kamsongea mjomba ugali, kamwekea maziwa ya mgando. Nilikasirika. Usiku nikaanza na mimi: labda alichelewa, labda alikosa tiketi. Ujinga unaambukiza.

Jumatatu, 27 Mei

Kaja Juma kutoka Bariadi mjini, mwenzake Masunga wa mitumba. Alibaki Bukoba kumalizia mzigo, kazunguka kwa basi. Anasema alimsindikiza Masunga mpaka bandarini. Alimwona akipanda na mikungu yake ya ndizi. Walipungiana mikono. Kalia huyu kijana kuliko sisi.

Mayu kamsikiliza mpaka mwisho. Kamshukuru. Kachukua kapu.

Mwenyekiti wa kitongoji kaniita pembeni. "Mwalimu, tunasubiri neno kutoka kwenu. Pamba inadondoka." Nikamjibu vibaya. Ana haki, watu wanategemea pamba hiyo. Lakini neno hilo ni la mayu. Nimwambieje amuue mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe?

Jumatano, 29 Mei

Nimemfuata. Fifi na safi kaziweka kapu moja. Yeye! Mistari yote imekwisha, sasa anapasua kwa kucha matumba mabichi, anavuta pamba yenye maji. Vidole vinatoka damu.

Nikamwambia, mayu, imekwisha.

"Bado kule kwenye kichuguu."

Nimechoka kumkasirikia. Tukachuma wote kule kwenye kichuguu mpaka hapakubaki hata tumba. Akageuka akatazama shamba zima.

Alhamisi, 30 Mei

Alfajiri nimemkuta ameketi uani, chini, mikono mitupu. Kapu kaliegemeza ukutani.

"Kabula, waambie watu wasiende shamba."

Nimepita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ngolo alikuwa keshajifunga kanga, akanitangulia kwenda kwa mayu. Nimelia njiani, kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Jumatatu, 3 Juni

Tumeanua matanga jana, bila kaburi. Leo watu wamerudi mashambani. Darasani chaki bado hazijaja. Nimetumia kijiti.

Jioni Ngolo kaleta mkeka. Tumemwaga pamba ya mayu uani, tukakaa watatu kuchambua. Safi huku, fifi huku. Mayu vidole vimefungwa vitambaa, anafanya polepole.

Nikatupa fifi kidogo upande wa safi, kwa makusudi.

Kanigombeza.