Ng'ambo ya Lumemo

Jumatatu, 4 Februari 1907
Askari wa Wajerumani wamepita kutangaza. Sisi wa ng'ambo hii ya mto Lumemo si watu wa Ifakara tena. Akida wetu sasa ni yule wa Kiberege. Jumbe wetu kaondolewa. Hakuna aliyeulizwa. Mume wangu Bwanaheri alitaka kujua sababu — akajibiwa kuwa mto ni mpaka mzuri, unaonekana.
Moshi wa Ifakara nauona kutoka uani kwangu.

Alhamisi, 7 Februari
Jirani yangu Chiku kashinda hapa, analia. Mwanawe Salimu bado yumo minyororoni Ifakara. Wanasema alikunywa maji ya dawa akaenda vitani. Uongo! Vita vilipopamba moto alikuwa kitandani, mguu una donda. Nilimwosha kwa mikono yangu. Jumanne wazee wetu watamtolea ushahidi barazani. Tumemchagua Bwanaheri aseme.

Jumanne, 12 Februari
Wamerudi mapema mno. Bwanaheri hagusi chakula. Akida wa Ifakara alimsikiliza mpaka alipotaja kijiji chetu, akamkatiza: "Ninyi si watu wangu. Kasemeni kwenu Kiberege." Wazee wa Ifakara, aliokaa nao barazani miaka yote, walitazama chini.

Ijumaa, 15 Februari
Wazee wamerudi kutoka Kiberege, Chiku alifuatana nao, miguu imevimba. Akida wa huko aliwapokea vizuri, hata maji akawapa. Ila, asema, mfungwa yuko Ifakara, yeye hamjui. Nasi bado wageni — barazani kwake tusikilize kwanza, kusema baadaye. Chiku alisimama ili aseme. Akaambiwa akae.

Jumapili, 17 Februari
Wafungwa wamepitishwa njia yetu hii, wanapelekwa pwani. Wamefungwa shingo kwa shingo. Salimu alikuwa wa nyuma, anachechemea. Alipotuona akauliza:
"Mama, mbona hamkuja kunisemea?"
Chiku alifungua kinywa. Askari wakawaharakisha.
Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 20 Februari
Tarishi wa Kiberege yuko njiani, anapiga ngoma. Kuna baraza — amri ya kulima pamba. Kila nyumba itoe mtu. Majirani wamefunga milango. Bwanaheri kasema hatembei mwendo wote ule kwenda kukaa kimya.
Sasa hivi Chiku kasimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni. Anakwenda, asema, na safari hii hatakaa chini. Anauliza nani atafuatana naye. Bwanaheri ananoa jembe, hainui uso. Chiku ananitazama mimi —