Ndagala Zako Zilizoachwa Mvuani

Mpendwa yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Habari ya kifo chako niliipata sokoni, kwa mtu wa mitumbwi aliyetoka Rumonge. Nilikuwa nikichagua nyanya. Akaniuliza kama mimi ndiye mdogo wake Riziki wa mawese. Sikuwa nimewahi kukusikia ukiitwa hivyo. Kumbe ng'ambo ya ziwa ulikuwa na jina, na jina lenyewe lilitokana na mafuta mazuri uliyoyapika kwa mikono yako. Huku kwetu Makobola, kwa karibu miaka thelathini, umeitwa "yule".

"Pole, dada," akasema. "Walimuzika juzi. Bantu walikuwa wengi."

Watu wengi. Neno hilo lilinitoa machozi hata kabla kifo chenyewe hakijaniingia.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi ukoo wako unakulilia. Ndiyo, hao hao. Nyumba ya Mama inapakwa chokaa, mikeka inakusanywa, na yule aliyekuwa mumeo, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa na hukaa kiti cha mbele, ameahidi kuongoza sala. Waliponiita nikadhani wamechoka na dhambi yao, wanataka kuitua. Kumbe walikuwa wanatafuta mwandishi.

"Weye unajua kuandika," baba mkubwa akaniambia. "Kila siku unapigana na bantu mu magazeti. Sasa tusaidie. Andika maneno mazuri, mafupi. Mutoto wake anakuja."

"Niandike nini?"

"Riziki alivuka ziwa kufanya biashara. Akabarikiwa. Mungu akamwita. Basi."

"Alivuka kufanya biashara?"

Mama alikuwa ameketi mlangoni, anachambua mchele, hakuinua macho. "Faida, iache ile. Bantu wote wanajua."

"Kama wote wanajua, tunamficha nani?"

"Siko naficha," akasema. "Niko nafunika."

Nikachukua karatasi waliyoninunulia, nikaenda nayo nyumbani. Hii ndiyo karatasi yenyewe.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma? Wewe ulikuwa umetoka kwa masista na madaraja yako sita, ukaolewa, ukarudi ufukweni kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kama wanawake wengine. Asubuhi ulizitandaza juu ya mchanga, nyembamba, zisipandane. Kisha ukachukua kijiti ukaniandikia herufi kwenye njia iliyobaki kati ya samaki wako na samaki wa jirani. Nilisoma nimeinama, kunguru wanatuzunguka, nawe unawafukuza kwa mkono mmoja na kunisahihisha kwa mwingine. Neno la kwanza nililolisoma mwenyewe lilikuwa jina lako. La pili lilikuwa "uhuru", kwa sababu mwaka ule kila mtu alikuwa na neno hilo mdomoni. Siku yenyewe ilipofika ulivaa kitenge cha manjano, ukacheza mpaka kamba ya kiatu ikakatika. Nilikuuliza uhuru utatuletea nini. Ukasema, "Kutembea. Utatoka hapa mpaka Uvira, hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi."

Ulikosea, yaya. Miaka minne baadaye kila njia ilikuwa na mtu wa kuuliza, na anayeuliza alikuwa na bunduki. Waasi walikuja wakaondoka, askari wakaja nyuma yao, waasi wakarudi. Wanaume wetu waliogopa pande zote mbili: hawa watakuita mwasi, wale watakuita msaliti. Tukapanda mlimani, watu kama ishirini, tukajibanza chini ya mwamba siku nyingi mpaka unga ukaisha. Watoto walilia, halafu wakaacha kulia, na hilo likatutisha zaidi.

Muhogo ulikuwa chini, shambani kwako. Wanaume walitazamana. Nakumbuka maneno ya mumeo neno kwa neno, na Jumamosi nitayarudisha kwake kama yalivyotoka:

"Aende mwanamuke. Mwanamuke hawamufanyi kitu."

Hakuna aliyembishia. Wala Mama, wala Mama Eliza wa kwaya aliyekuwa na wajukuu watatu mapajani. Uliinuka kabla hawajaanza kuchaguana. "Minye nitaenda," ukasema. "Njia ya shamba langu naijua hata nikifumba macho."

Ulirudi jioni. Kikapu kilikuwa mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, kimejaa. Kitenge chako kilikuwa kimechanika na ulitembea kama mtu anayebeba maji yasimwagike. Ulikishusha kikapu mbele ya Mama. "Menyeni," ukasema. "Batoto biko na njala." Kisha ukaenda kwenye kijito ukakaa humo mpaka Mama akakufuata, akavua kitenge chake mwenyewe, akakufunga nacho. Hilo alilifanya. Namwandikia na hilo, ili asije akasema binti yake anayeandika hana kumbukumbu ila ya mabaya.

Nasi tukamenya. Tukapika. Tukala. Natamani niandike kwamba chakula kilitukwama kooni, lakini nitakuwa mwongo, kilikuwa kitamu. Mumeo alikula vipande viwili, akafuta mdomo, akakuuliza mbele ya watu:

"Walikuwa wa upande gani?"

"Walikuwa watatu," ukajibu.

"Nauliza upande."

"Walikuwa na bunduki. Upande wao ndio huo."

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza vita vya miaka ile, vilivyoandikwa na watu wenye elimu kubwa, na karibu vyote vinauliza swali la mumeo. Ni upande gani uliokuwa na haki, upande gani ulisalitiwa, upande gani ungeshinda. Navisoma natafuta mwanamke mwenye kikapu. Simwoni. Nikimwona, yuko kwenye sentensi moja pamoja na mbuzi walioibwa na nyumba zilizochomwa.

Lakini leo sina ugomvi na wenye vitabu. Wala wale watatu siwawezi. Sijui majina yao, na kama kuna moto wa milele nimeshawaombea wakae karibu na kuni. Ugomvi wangu ni na walioshiba.

Tuliposhuka kijijini mumeo alihamia kwa kaka yake siku tatu, halafu siku zikawa mwezi, halafu akatuma sanduku lako lirudishwe kwa Mama. Hakusema umekosa nini. Alisema amechoka. Mama Eliza akakuambia ukae benchi la nyuma kwanza, "mpaka moyo utulie", kana kwamba sauti yako ya kwaya ingetia doa kwenye mashuka ya altare. Kisimani walikuachia nafasi, nafasi kubwa mno, kwa adabu kabisa. Walisema umechafuliwa. Walilisema neno hilo kwa huruma, yaya, huku wakinyoosha mkono wamvute mtoto wao asikuguse. Ningependa wangelisema kwa chuki. Mwenye chuki unaweza kumtemea mate.

Nawe ukaendelea kuanika ndagala zako, mahali pako pale pale.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Ufukweni kuna sheria moja ambayo hakuna chifu aliyeitunga. Mvua ikishuka kutoka mlimani, hakuna samaki wa mtu. Kila mwanamke anakusanya ndagala zilizo karibu na miguu yake, za nani hajali, anazitia kwenye ungo wowote, anakimbiza kibandani. Zikilowa zimekwisha, kesho zina funza. Watatenganisha baadaye, kwa kelele na vicheko. Nimewaona wanawake waliotukanana asubuhi wakiokoleana samaki adhuhuri. Nimemwona Mama Eliza mwenyewe akikusanya za mwanamke aliyemwibia mume.

Siku ile ulikuwa umekwenda kuteka maji. Wingu lilishuka ghafla. Tukakimbia wote, na mimi nikiwa na ungo wangu, msichana wa miaka kumi na minne mwenye mikono myepesi. Nikafika kwenye zako. Nikainama.

"Ile acha," Mama Eliza akasema nyuma yangu. "Iko ya Riziki."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekuonya kwamba chungu kina moto. Nikatazama kulia na kushoto. Mama yetu alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameinama kwenye samaki wa mtu mwingine, na alikuwa amesikia. Hakuinuka. Nikanyanyua mguu, nikaruka juu ya ndagala zako, nikaenda kukusanya za jirani.

Ufukwe wote ukawa mtupu isipokuwa kipande kimoja, cheupe, mvua inakipiga. Ndipo nikakuona umesimama kando ya mitumbwi, mtungi kichwani. Sijui ulikuwa umesimama hapo tangu lini. Uliutua mtungi, ukapiga magoti, ukaanza kuziokota moja moja kwenye tope, ingawa ulijua zimekwisha.

Jioni nilikuja kwenye mlango wa chumba chako. Wewe ndiye uliyesema:

"Faida, uliruka vizuri. Haukukanyaga hata moja."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanipiga au unanisamehe. Siku mbili baadaye ulivuka ziwa. Miezi ikapita, wakasikia umejifungua, wakahesabu kwa vidole. Baba mkubwa akasema jina lako lisitajwe nyumbani, nalo halikutajwa. Mimi nilikuja kwako mara moja tu, nikiwa mwalimu tayari. Ulinipa mawese, ukaniuliza habari za kila mtu kwa jina, hata za Mama Eliza. Nilitaka tulizungumzie. Ukasema, "Kula kwanza." Nikala. Mimi na chakula chako, yaya, mazoea ya zamani.

Sasa mtoto yule waliyemhesabia miezi ni muuguzi, mwenye kazi ya kudumu na sauti ya upole, na ghafla ukoo umekumbuka kwamba ni damu yake. "Ni mujukuu wetu," baba mkubwa anasema, akijipiga kifua. Watamchinjia mbuzi. Watamketisha kati ya Mama na mzee wa kanisa, na mimi nitasimama nisome kwamba mama yake alikuwa mfanyabiashara.

Ningekataa tu na kubaki nyumbani, kama Baraka, mwanao, asingeniandikia. Barua yake ilifika juzi. Anasema wewe mwenyewe ulimweleza alivyopatikana, alipofikisha miaka kumi na minane, mchana, ukimtazama machoni. Hakuuliza upande. Kisha anaandika hivi: "Mama mudogo, kitu kimoja tu naomba. Munionyeshe mchanga. Mama alinisimulia sana ile sheria yenu ya mvua. Alisema hakuna kijiji kingine chenye watu wa hivyo."

Niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Ya wale watatu ulimwambia. Yetu ulimficha. Aibu uliyoibeba kuvuka ziwa haikuwa yako, na uliitunza miaka yote hiyo isimfikie mwanao, ili awe na kwao, ili akija siku moja akute watu. Uliniachia hata mimi nafasi ya kuwa mtu mbele yake.

Nisamehe, yaya. Zawadi hiyo naikataa kwa niaba yetu sote. Wewe ulikuwa na haki ya kutuhurumia. Mimi sina haki ya kupokea. Mama anasema anafunika. Miaka yote ameifunika, nayo ikaoza chini ya kifuniko, na harufu wakasema inatoka kwako. Kama kuna mtu atakayeinamisha uso Jumamosi, asiwe Baraka, wala asiwe binti yeyote wa mwambao huu anayekaa benchi la nyuma leo akingoja moyo wa watu utulie. Wapo, yaya. Vita vimebadilisha majina, benchi ni lile lile. Ni zamu ya walioshiba.

Kwa hiyo sikiliza nitakalofanya. Alfajiri nitanunua kapu zima la ndagala mbichi, nitazitandaza mbele ya mlango wa Mama, kutoka ukuta hadi ukuta, nyembamba, zisipandane, kama ulivyonionyesha. Nitasimama hapo na ungo. Atakayetaka kuingia kukulilia, awe mzee wa kanisa au mama wa kwaya, apige magoti kwanza akusanye, kwa mikono yake, watu wakitazama. Nitamwambia kila mmoja anakusanya ndagala za nani, na zimengoja tangu mvua ipi. Wasiotaka watarudi nyumbani kwao, na kijiji kitawaona wakirudi. Njia ya kuruka nimeifunga. Mimi ndiye ninayeijua.

Mama nimemwambia jana. Akauliza, "Na minye?"

"Na wewe, Mama."

Akatazama magoti yake, yale yanayomuuma. "Basi utanisaidia kuinuka," akasema.

Nitamsaidia. Lakini kabla yake, kabla ya mtu yeyote kufika, Baraka atakuwa amesimama pale, na mimi nitakuwa wa kwanza chini. Nitaziokota kuanzia pale nilipoinama siku ile, nikiendelea kutoka pale. Hata moja haitabaki.

Lala, yaya. Mvua ikija sasa, tumo mbioni, tumechelewa, lakini tumo mbioni.

Mdogo wako niliyeruka,

Faida